Chombo Kidogo, Mfuko wa Nyumba Nzima

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo kijana apigaye gitaa. Huenda ni mwanao, au mdogo wako, au mpangaji wa chumba cha uani ambaye kila jioni hukukatizia taarifa ya habari kwa kukaza na kulegeza nyuzi zake. Kama yupo, basi ipo siku atakuja mbele yako kuomba fedha za kununulia kitu usichokijua, chenye umbo la kiatu, ambacho hukanyagwa kwa mguu na kulifanya gitaa lilie kama mtoto. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya siku hiyo.

Kitu chenyewe ni pedeli ya wah-wah. Walioibuni waliipa jina kwa kufuata mlio wake, na kwa kuwa mlio huo unaandikika vema kwa Kiswahili, mimi nitaiita wawa. Swali ambalo nataka tulipime pamoja ni hili: mpiga gitaa wa pwani ya kusini, mwenye kipato kidogo na familia, achague wawa ya namna gani, hasa kati ya hizi ndogo ndogo zinazouzwa siku hizi?

Aliyeniuliza ni mpwa wangu, mkazi wa Kilwa Masoko. Siku za kazi hutengeneza mashine za boti za wavuvi. Jumamosi hupiga gitaa la solo katika bendi ndogo ialikwayo kwenye harusi na sherehe za Masoko, Kivinje, na mara mojamoja Lindi mjini. Aliniuliza mimi kwa sababu niko Dar es Salaam yaliko maduka, na pia kwa sababu katika ukoo wetu mtu akishaandika gazetini hudhaniwa kuwa anajua kila jambo. Fedha zilizokuwa zikingoja uamuzi hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa zamu ya mkewe katika upatu wa akina mama wauza samaki wa kukaanga, na zilikwisha kutajiwa kazi nyingine: mabati ya jiko la uani, kabla masika hayajaingia.

MLIO WENYEWE

Tuanze na kukifahamu kitu chenyewe. Tamka "u" kwa kukunja midomo, kisha ifungue polepole mpaka ufike kwenye "a". Sauti itokayo kooni ni ile ile. Kilichobadilika ni umbo la kinywa. Wawa huifanyia gitaa kazi hiyo hiyo. Mpigaji akilaza mguu kisigino chini, sauti nzito ndizo zitangulizwazo. Akiinamisha vidole, sauti nyembamba ndizo zipandazo. Na mguu ukienda na kurudi, uzi uliopigwa mara moja huwa kama unaotamka neno. Ndani mna transista chache, koili, na kile kidude ambacho katika redio hukizungusha ili kuongeza sauti, ambacho mafundi hukiita volyumu. Katika wawa ya kawaida, mguu ndio unaokizungusha kwa njia ya meno madogo.

Ilibuniwa mwaka 1966 katika Jimbo la California, Marekani, na wahandisi wa kampuni ya Thomas Organ. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa jina la Vox, ikiwa na picha ya mpiga tarumbeta Clyde McCoy, mtu aliyesifika kwa kuliliza tarumbeta lake kwa kuziba na kuzibua mdomo wake. Mwaka 1968 Jimi Hendrix alikwisha kuifanya ijulikane dunia nzima, na mwaka 1971 gitaa la Charles Pitts katika muziki wa filamu ya Shaft wa Isaac Hayes liliwafundisha vijana wa mabara yote kwamba wawa inaweza pia kupiga ridhimu. Majirani zetu wa Zambia waliipokea kwa mikono miwili katika muziki wao wa Zamrock wa miaka ya 1970. Jina la kibiashara lililoenea zaidi ni Cry Baby, yaani mtoto mlizi, na tangu mwaka 1982 aina hiyo imekuwa ikitengenezwa na kampuni ya Dunlop.

Kwa watu wa Kilwa, kupokea kitu kilichotoka ng'ambo si jambo geni. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akaukuta mji wa biashara, na hadi leo vigae vya vyombo vya China huokotwa katika magofu ya Kilwa Kisiwani. Ila wazee wale walikuwa wafanyabiashara. Kabla ya kukipokea kitu walikipima.

MASWALI MANNE YA MWENYE FEDHA

Nilipompigia simu mpwa wangu ili kumweleza aina nilizoziona madukani, mkewe aliichukua simu. Aliniamkia, akauliza habari za watoto, kisha akasema: "Mjomba, mimi muziki siujui. Lakini fedha hizi nazijua, maana kila senti yake imenichoma mafuta mikononi. Nataka unijibu manne. Hicho kitu kinakula nini? Kinalala wapi? Kikiugua, nani atakitibu? Na kikishanunuliwa, ni cha nani?"

Ndugu msomaji, wataalamu wengi wameandika juu ya kuchagua pedeli za gitaa, nao hutumia kurasa kadhaa kubishana juu ya utamu wa sauti ya koili hii na koili ile. Sikupata kusoma maswali yaliyo bora kuliko haya manne. Basi na tuyafuate moja baada ya jingine.

KINAKULA NINI?

Wawa nyingi hula umeme wa volti 9, ama kutoka kwenye betri ya mstatili, ama kwenye adapta. Hula kidogo mno, hata betri moja njema huweza kudumu miezi kwa mtu apigaye mara moja kwa wiki. Lakini jihadhari na jambo moja: katika aina nyingi, waya utokao kwenye gitaa ndio swichi ya betri. Ukiuacha umechomekwa usiku kucha, betri huendelea kuliwa ingawa hakuna apigaye. Kijana akimaliza dansi na achomoe waya kabla hajaenda kula pilau.

Hapa ndipo udogo unapoleta mtego wake wa kwanza. Pedeli ndogo nyingi hazina nafasi ya betri; watengenezaji wameibana ili kupunguza umbo. Kwa mtu wa studio hilo si kitu. Kwa mtu wa Kilwa ni jambo zito. Ni kweli kwamba gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hiyo hiyo, imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Lakini sherehe nyingi za vijijini bado huchezwa kwa jenereta. Betri haiwezi kuliokoa dansi umeme ukizimika, kwa maana amplifaya nayo itanyamaza. Faida ya betri ni nyingine: haileti ule mvumo wa nyuki ambao adapta za bei rahisi huuingiza katika spika, na haihitaji soketi mahali ambapo soketi moja inagombewa na watu watano.

Na ikiwa ni lazima kutumia adapta, soma maandishi madogo. Pedeli nyingi huhitaji volti 9 ambazo ncha ya katikati ni hasi. Adapta ya king'amuzi cha televisheni kwa kawaida ni ya volti 12 na katikati yake ni chanya. Plagi yaweza kuingia vizuri kabisa, na pedeli ikafa palepale.

KINALALA WAPI?

Wawa ya kawaida ina urefu wa sentimeta 25 hivi na upana wa sentimeta 10, na uzito wake unazidi kilo moja na nusu. Zile ndogo, mfano wa Cry Baby Mini, ni karibu nusu ya umbo hilo. Kwa kijana asafiriye kwa pikipiki kutoka Masoko hadi Kivinje, gitaa mgongoni na waya shingoni, tofauti hiyo ni kubwa. Ndogo huingia katika mfuko wa mbele wa begi la gitaa. Kubwa inataka begi la peke yake.

Lakini kila kilichopunguzwa kina malipo yake. Kwanza, ubao wa kukanyagia ukiwa mfupi, mwendo wa mguu nao huwa mfupi. Kutoka "u" hadi "a" ni safari ndogo, na mguu mzito utafika mwisho kabla mwenyewe hajapenda. Kwa sababu hiyo usinunue kabla hujaikanyaga kwa kiatu kile kile unachovaa jukwaani. Na kama hupiga kwa kandambili, ikanyage kwa kandambili. Pili, kitu chepesi huteleza. Juu ya sakafu ya vigae au mkeka, wawa ndogo itakimbia mbele kama kaa. Dawa yake ni rahisi: fundi seremala akate ubao wa mninga wenye urefu wa mkono, pedeli ikazwe juu yake. Mpwa wangu alichongewa ubao wa namna hiyo na fundi wa madau, aliyekataa kulipwa akataka apigiwe wimbo harusini kwa mwanawe.

Tatu, kuna upepo wa bahari. Hewa ya chumvi haichagui kikubwa wala kidogo. Huingia kila penye tundu. Pini za waya huota kutu ya kijani, na ile volyumu ya ndani huanza kukwaruza, hata mguu ukisogea gitaa linatoa sauti ya mtu apalazaye sufuria. Chombo kilale mahali pakavu, ndani ya kopo lenye mfuniko, baada ya kufutwa kwa kitambaa. Kisilale dirishani, wala jikoni penye mvuke.

KIKIUGUA, NANI ATAKITIBU?

Mwezi Mei mwaka 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa kusini ikawa upande wake na Dar es Salaam upande wake. Mtu aliyekuwa akingoja kipuri alijua maana ya kutegemea duka la mbali. Kwa hiyo pima kitu kwa jinsi kitakavyoharibika na mahali kitakapoharibikia. Siku kilipo kipya dukani hakikuelezi mengi.

Michoro ya wawa za zamani ni mepesi. Ilikuwa na transista mbili tu, koili moja, na vikorokoro vichache ambavyo fundi redio yeyote wa Lindi mjini anavifahamu. Sehemu ichakaayo kwanza ni ile volyumu, kwa kuwa inasuguliwa kila siku. Ikikwaruza, hupulizwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, wala si mafuta ya kupikia wala ya taa, ikishindikana hubadilishwa. Pedeli nyingi ndogo za siku hizi zimeundwa kwa vipande vidogo mno vilivyobandikwa juu ya kibao, ambavyo kuvitengeneza kunataka vifaa na macho ya kijana. Tena basi, si kila volyumu huingia humo. Nyingine zimetengenezwa kwa kipimo cha pekee. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akufungulie kifuniko cha chini. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Ipo njia nyingine. Kampuni ya Morley kwa miaka mingi imetengeneza wawa ziongozwazo kwa mwanga: badala ya volyumu ya kusuguana, mna taa ndogo na jicho lake. Hapo hakuna cha kukwaruza, na kwa pwani hiyo ni sifa kubwa. Na zipo ndogo zifanyazo kazi mbili au tatu kwa pamoja, mfano Soul Press ya Hotone, iliyo wawa na pia kipunguza sauti. Zinapendeza kwa mtu asiye na fedha za kununua vitu viwili. Lakini kumbuka hesabu ya mama wa nyumbani: kitu kimoja kinachofanya kazi mbili kikiugua, wamelala wagonjwa wawili.

NI CHA NANI?

Swali hili la mwisho ndilo lililonikalia moyoni muda mrefu.

Historia ya muziki wa dansi nchini kwetu ni historia ya vyombo kuliko watu wanavyodhani. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Bendi kama hizo zilikuwa na mwenye vyombo, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Mpangilio huo uliwapa mshahara wapigaji wengi, na uliwezesha magitaa na spika kuingia nchini katika miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu. Lakini mpiga gitaa aliyehama bendi alitoka na vidole vyake tu. Hata Kilwa Jazz Band ya Ahmed Kipande, iliyolibeba jina la Kilwa, ilijipatia sifa zake Dar es Salaam, kulikokuwa na vyombo, kumbi na wachezaji.

Wilaya hiyo ya Kilwa inatupa na mfano mwingine. Misitu yake ina mpingo, mti ambao ng'ambo hutengenezewa klarineti na oboi. Kwa muda mrefu magogo yaliondoka na wanakijiji wakabaki na visiki. Kisha vijiji kadhaa vikakabidhiwa rasmi misitu yao, na mwaka 2009 vikaingia katika hati ya kimataifa ya FSC, ithibitishayo kuwa uvunaji ni wa uangalifu. Mti haukubadilika, kilichobadilika ni jibu la swali la yule mama: ni wa nani?

Kiongozi wa bendi ya mpwa wangu alipendekeza kwamba wawa, kwa kuwa itapigiwa bendi, iandikwe kuwa mali ya bendi. Mwenye fedha alikataa kwa upole. Alisema bendi ikivunjika, yeye hatapewa mguu mmoja wa pedeli. Ikakubaliwa na kuandikwa katika daftari la shule, mbele ya wote: chombo ni cha nyumba yao, bendi itakitumia, na katika kila mapato ya Jumamosi litatengwa fungu dogo la kurudisha fedha za upatu mpaka zitimie. Huo, ndugu msomaji, ni mkataba, ingawa umeandikwa nyuma ya hesabu za mtoto wa darasa la tatu.

MGUU NA MASIKIO

Nilinunua ndogo yenye nafasi ya betri, ambayo ndani yake mna swichi ya kuchagua sauti tatu. Ukijumlisha bei, nauli na ushuru, kwa watu wanaohesabu vichwa vya samaki hizo ni fedha nyingi. Zilizobaki ziliezeka nusu ya jiko. Masika yakawahi. Kwa muda wa wiki tisa shemeji zangu wa upatu walimkuta mwenzao akipika upande mmoja, na upande wa pili ameweka ndoo mbili za kukingia maji. Hakulalamika, lakini hakulificha. Na kila Jumamosi usiku mumewe alipoingia, jambo la kwanza lilikuwa lile fungu kuingia koponi kabla ya salamu.

Nilipokwenda kuwatazama, nilimsikiliza kijana akipiga. Mwanzoni aliikanyaga kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mzee mmoja mpiga besi alimwita pembeni akamwambia: "Mwanangu, mwimbaji anatamka, na gitaa lako nalo linatamka. Watu wamsikilize nani?" Maneno yale yana ukweli wa kitaalamu. Wawa hupanda na kushuka takriban kati ya mitetemo 400 na 2,000 kwa sekunde, na humo humo ndimo yanamokaa maneno ya mwanadamu. Msikilizaji wa dansi letu anataka kuyasikia mashairi: nani kaachwa, nani kadanganywa, mzazi kasemaje. Tangu hapo kijana huiacha wawa imelala mpaka mwimbaji atue na chemko lianze, pale magitaa yanapoachiwa uwanja na wachezaji wanapofunga kanga viunoni. Hapo huiamsha kwa muda mfupi, akailaza tena. Ukumbi huipokea vizuri zaidi kwa sababu haikuwachosha.

Basi nikushauri nini, ndugu msomaji? Kijana akikujia na ombi lake, usimfukuze kwa kumwambia kuwa hilo ni jambo la kihuni, na usimpe fedha kwa sababu amekulilia. Mketishe, umwulize yale manne. Kama ana betri ya kuilisha, mahali pakavu pa kuilaza, fundi wa kuitibu walau mji wa jirani, na jibu lililo wazi kuhusu mwenye mali, basi wawa ndogo ni chombo cha kazi kama jembe na cherehani, na nyumba ina haki ya kukichangia na haki ya kudai fungu lake. Asipokuwa na majibu, na asubiri. Gitaa lisilo na wawa limewachezesha watu tangu kabla ya mwaka 1966.

Nilipoondoka Masoko, mabati yaliyobaki yalikuwa yamekwisha kupigiliwa. Daftari lilikuwa bado linadai mafungu mawili.